Fusae na Jiwe la Mumewe

Fusae hakuwahi kununua samaki bila kumfunua mashavu. Muuza samaki wetu, mtu wa maneno mengi, alikuwa akimwona tu anakata kona, anaweka kisu chini na kuanza kuapa.

“Huyu katolewa majini leo asubuhi, mama Inagaki. Haki ya mama yangu.”

“Mama yako yupi? Yule aliyekufa mara mbili mwaka jana ukafunga duka?”

Ndivyo alivyokuwa. Maziwa aliyanusa, mizani aliigonga kwa kucha, na televisheni ikisema kesho mvua, alitoka nje kwenda kuliangalia wingu lenyewe. Mimi nilipohamia hapa Osaka kutoka Tanga, nimeolewa na fundi wa injini za meli wa mtaa huu, Fusae alimaliza mwezi mzima akiamini nimetumwa na watu wa bima. Jina langu Riziki. Ulimi wao hauliwezi, wakaniita Rijiki, nami nikachoka kusahihisha. Siku aliyoniletea bakuli la figili zilizochemshwa ndiyo siku aliyoacha kunishuku, au tuseme alipunguza. Ukuta wa nyumba zetu ulikuwa mmoja, na tangu siku hiyo tukawa pua na mdomo.

Mumewe, Inagaki Shoji, alikuwa fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana, mlango wazi kwenye uchochoro. Miaka ile ya themanini kila nyumba ya hapa yenye mtoto ilikuwa na ile mashine ya michezo, nyeupe na nyekundu, ya kuchomeka kwenye televisheni. Na kila iliyomwagiwa juisi, iliyokanyagwa na bibi, au iliyochomekewa adapta ya kitu kingine, ilifika kwa Inagaki. Alikuwa mtu mfupi, mkavu wa maneno, halafu ghafla anafoka mpaka paka wa jirani anaruka dirishani.

Akifungua mashine, jambo la kwanza ni kuweka kidole juu ya prosesa, yaani lile dude jeusi kwenye bodi, lenye miguu pande mbili kama tandu. Dude hilo hilo ndilo linalohesabu na ndilo linaloimba. Lina filimbi mbili, besi, na mchakacho kama wa mafuta ya kukaangia. Aliniambia kwamba likianza kuugua, mara nyingine sauti moja hupotea kwanza, na mchezaji anaendelea kucheza wala hajui. Yeye alijua. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akagusa tena, kisha akatoa hukumu ya kusikika mpaka kwa kinyozi: “Jiwe limekufa!”

Jiwe. Mafundi wa umeme wa hapa prosesa na ndugu zake wote huwaita jiwe, kwa lugha yao *ishi*. Nani alianza, sijui. Kwa Inagaki kulikuwa na jiwe zima, jiwe bovu, jiwe lenye homa na jiwe maiti, na la maiti halikuwa na mjadala. “Jiwe likifa limekufa,” anamwambia mteja. “Halina dawa wala dua. Nang'oa, naweka jingine. Usinililie hapa.”

Sasa, wakati wanaoana, enzi za redio, Fusae hakuijua lugha hiyo ya mafundi. Na Ishi ni jina la kike vilevile, la mabibi wa zamani, kama kwetu unavyomkuta bibi anaitwa Mwanakombo. Basi bi harusi yuko jikoni, anamsikia mumewe kwenye simu: “Ishi wa pale Nipponbashi? Ana joto huyo! Nimemgusa kidogo tu, kidole kimeungua. Tulia, kesho nakuja kumtoa mwenyewe.”

Mwenzangu, Fusae alilala macho wazi. Kesho yake akamfuata mpaka Nipponbashi, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, mwavuli mkononi na jua linawaka. Akamkuta ameinamia redio iliyopasuliwa, yeye na wanaume wengine. Mwavuli ulishuka begani kabla ya swali. Mtaa ulicheka mwaka mzima, na hata mimi nilipofika miaka mingi baadaye, nilikuta bado wanamsalimia Inagaki: “Ishi hajambo?”

Inagaki aliona aibu kubwa. Akaapa mbele ya wakwe kwamba katika nyumba yake jiwe ni jiwe, hakuna maana nyingine. Na Fusae, aliyeshuku wingu, alimwamini kwa hilo moja. Siku moja nilimwambia kwetu neno *ishi* maana yake ni kuwa hai.

“Unanidanganya.”

“Wallahi.”

“Basi lugha yenu na yetu zina ugomvi,” akasema, akanimiminia chai.

Walikuwa na mtoto mmoja, Chinatsu, msichana mkubwa, yuko kazini Sapporo, kaskazini kabisa kwenye theluji. Mwaka mmoja na kidogo kabla ya haya ninayosimulia, alimleta nyumbani kijana aliyetaka kumwoa. Kijana mpole, amevaa soksi mpya. Fusae alimtazama, akamjazia wali, na alipoondoka tu akapiga simu kazini kwake akijifanya mtu wa benki, akauliza kama kijana analewa. Habari zikamfikia kijana, zikamfikia Chinatsu. Binti alikuja kutoka Sapporo kwa ajili ya kugombana tu, akagombana, akaondoka na begi lake kabla chakula hakijaletwa mezani. Tangu hapo kimya.

“Atapiga yeye,” Fusae alikuwa akisema. “Mimi ndiye mama. Aliyetoka bila kuaga ndiye anayepiga.” Inagaki alikuwa akimpigia binti yake kwa siri kutoka kibanda cha simu karibu na duka la mchele. Mtaa mzima tulijua, na Fusae alijua kuliko sisi, ila alimwacha.

Vuli ile, makaki, yale matunda ya rangi ya chungwa, yameiva kwenye mti wa kinyozi, Fusae akaanza kushika ubavu wa kulia. Macho yake yalikuwa na umanjano. Akaenda hospitali, akapimwa, akapigwa picha, akaambiwa arudi nyumbani angoje. Kisha hospitali ikampigia simu Inagaki, yeye peke yake, aende kutia sahihi karatasi. Aliondoka amevaa koti la mazishi, kwa sababu ndilo koti alilokuwa nalo. Aliporudi alivua viatu polepole.

“Ni jiwe tu,” akamwambia mkewe. “Liko kwenye mfuko wa nyongo. Watalitoa.”

Lazima niseme jambo hapa, maana ambaye hakuishi huku wakati ule hataelewa. Mwenye kansa hakuwa akiambiwa. Daktari anamwita mume au mtoto mkubwa, wanafunga mlango, wanakubaliana, na mgonjwa anaambiwa ni kidonda cha tumbo, ni jiwe, ni uchovu wa kazi. Waliona ndiyo huruma. Lakini kila mtu mzima aliijua desturi hiyo, kwa hiyo kila aliyeambiwa ana jiwe alirudi kitandani akiwaza. Sasa mwambie Fusae ana jiwe, Fusae huyo wa mashavu ya samaki!

Alikuja jikoni kwangu asubuhi iliyofuata, akakaa bila kukaribishwa.

“Rijiki, yule bwana anasema uongo.”

“Uongo gani tena, dada? Jiwe la nyongo hata shangazi yangu alikuwa nalo.”

“Jana kanimenyea kaki.”

Nikaacha kuosha vyombo. Inagaki hajui hata kisu cha jikoni kinakaa droo gani.

“Kalimenya, kalikata vipande, kaweka na kijiti. Halafu maji ya kuoga yalikuwa ya moto mno, sikuyapooza. Kaingia, katoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, hakufoka. Kaniambia, ‘Yamekaa vizuri leo.’ Yamekaa vizuri!”

“Ana mwanamke,” nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Mwanamume akiwa mpole ghafla, kwetu Tanga hatuulizi mara mbili.

“Angekuwa na mwanamke angeninunulia nguo. Kaninunulia tikiti.”

“La kawaida?”

“La wavu. Ndani ya sanduku.”

Hapo nikakaa na mimi. Tikiti la wavu, lile la bei kubwa lenye ganda la michoro kama wavu, kwa watu hawa halinunuliwi kwa ajili ya kuliwa, hununuliwa kwa kupelekwa hospitali, na aliyelala pale akiliona hujua watu wameanza kumhurumia.

“Na bado sijakwambia lenyewe,” akaendelea, sauti chini, utadhani Inagaki yuko kabatini. “Jiwe halitaji tena.”

“Si kakwambia ni jiwe tu?”

“La kwenye mashine! Tangu atoke hospitali namsikiliza. Mteja akiuliza, anasema ‘kile kipande’. Anasema ‘hiyo sehemu’. Jana mtu wa duka kamwuliza kwenye simu, jiwe zima au limekufa? Kamjibu, ‘Ile kitu haifanyi kazi vizuri.’ Miaka yote hii, Rijiki! Mtu alisema jiwe mbele ya mama yangu, alilisema kwenye arusi ya ndugu yake, na mwavuli nilimpiga nao bado akalisema. Leo limemkwama kooni.”

“Labda anaona haya, kwa sababu na wewe unalo.”

“Ningekuwa nalo kweli, angenitania mpaka nimpige! Angesema lete nikutolee mwenyewe kwa chuma cha kulehemu. Humjui? Angewaita kinyozi na muuza samaki waje wacheke. Hakunitania hata mara moja.” Akashika ubavu. “Jiwe lisilotaniwa siyo jiwe.”

Nikamwambia basi muulize, umbane.

“Atasema ni jiwe. Nikimbana atasema tena. Akisema mara ya tatu itabidi nimwamini, ndiyo shida ya kuwa na mume. Daktari usimtaje, yule kausomea uongo.”

“Na ukishajua itakusaidia nini, dada yangu? Bora ulale usingizi.”

Akanitazama kwa hasira hasa. “Chinatsu,” akasema. “Kama ni jiwe, nina muda. Namngoja apige yeye, hata ikichukua miaka. Kama siyo jiwe, nitangoja mpaka nifukiwe, na yeye atabaki na lile begi lake maisha yake yote. Nataka kujua nipige au nisipige. Basi. Sitaki kingine.”

“Si upige tu!”

“Nipige kwa sababu ya jiwe? Nishindwe bure?”

Wee Fusae! Nilitaka kucheka na machozi yananilengalenga. Akasogeza kikombe, akasema, “Yule bwana jiwe akilishuku hufanya nini? Haliulizi. Hulichomeka akasikiliza. Nenda kwa kinyozi ukaazime ile mashine yake ya michezo.”

Mashine ya kinyozi ilikuwa imekufa na kila mtu alijua. Mwenyewe aliichomekea adapta ya taa ya dukani, akaona moshi, na tangu hapo alikuwa akiogopa kuipeleka kwa Inagaki asije akatukanwa. Nilimwambia nitatukanwa mimi kwa niaba yake, akanipa haraka.

Nikaingia karakana mchana, jua limejaa mlangoni. Fusae alikuwa chumba cha ndani, mlango wa karatasi umefunguliwa wote, anapiga pasi mashati ya mumewe. Hakuniangalia. Inagaki akapokea mashine, akaigeuza, akanusa.

“Ya kinyozi hii.”

“Ya kinyozi. Anauliza imekuwaje.”

“Mpumbavu,” akasema, na nilifurahi kusikia angalau hilo limebaki. Akafungua skrubu, akachomeka, akawasha. Televisheni ikatoa rangi ya majivu. Filimbi haikuimba, besi haikuimba, wala ule mchakacho. Akaweka kidole juu ya prosesa. Akangoja. Akakitoa, akakiweka tena, na muda wote huo pasi ilikuwa ikienda na kurudi nyuma yetu.

“Adapta,” akasema. “Kachomeka isiyo yake.”

“Na ndani kumeharibika nini?”

“Kile kipande cha katikati.”

“Kipi?”

“Kile kikubwa, mama. Huoni?”

“Naona. Hakina jina?”

“Leo umekuja na maneno mengi, bi Rijiki.”

“Siyo mimi, ni kinyozi. Unamjua alivyo, atataka neno moja.” Nikamsogelea. “Nimwambie jiwe limekufa?”

Pasi ikasimama.

Inagaki alikuwa bado ameinama. Nilimwona sikio linakuwa jekundu, kisha shingo. Nilingoja ile sauti yake ya kumrusha paka.

“Nani kasema limekufa?” akafoka, lakini sauti ilikatika katikati. “Watu mnapenda kusema limekufa, limekufa! Mtu anagusa mara moja kwa kidole anajifanya anajua! Siku hizi kuna njia nyingi. Tuliache. Lipumzike kidogo, lipoe.” Akachukua bisibisi, akairudisha mahali pake. “Huenda likapona.”

Huenda likapona. Inagaki Shoji, kuhusu prosesa iliyopitiwa na umeme wa taa ya kinyozi.

Halafu nikasikia harufu ya kitambaa kinaungua, nikageuka. Fusae alikuwa amesimama, mkono juu ya pasi, ananitazama mimi na hanioni. Akainyanyua. Mgongo wa shati jeupe ulikuwa na alama ya kahawia ya pasi nzima.

“Baba,” akaita. “Shati lako la sherehe nimeliunguza.”

“Si kitu,” akasema Inagaki, hakugeuka. “Ninayo mengine.”

Alikuwa na hilo moja tu. Fusae akachomoa waya wa pasi, akalikunja lile shati vizuri kana kwamba halina kitu, akaliweka juu ya mengine. Akatoka ukumbini. Simu yao ilikaa juu ya kabati la viatu, imetandikiwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akiniapia kwamba namba ya Sapporo haijui. Akaipiga bila kufungua daftari, kidole hakikusita hata mara moja.

Nilitaka kwenda zangu, nikabaki mlangoni. Inagaki naye aliinua kichwa.

“Chinatsu?” akasema Fusae. “Mimi.”

Nikauona mgongo wake unanyooka.

“Nani kaniambia nini, mwanangu?”

Toba! Basi na binti alikuwa anajua. Kule Sapporo kwenyewe walikuwa wanajua, na kibanda cha simu cha duka la mchele kilikuwa kimefanya kazi. Inagaki akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Ilinichoma roho kumwona, nikamwonea huruma na nikamkasirikia papo hapo, maana kansa ilikuwa ya mkewe, na mwenye nayo ndiye aliyekuwa wa mwisho kuijua.

“Usilie, simu ya mbali hii,” Fusae akasema. Alikuwa amejishika ubavu kwa mkono wa pili. “Hakuna aliyeniambia. Baba yako hajasema neno, usimgombeze. Hapana. Hapana, nisikilize mimi kwanza. Yule kijana wako bado yupo?”

Akasikiliza muda mrefu, akitikisa kichwa utadhani binti anamwona.

“Mlete. Siyo mwaka mpya, Jumapili hii. Simpigii simu kazini, nimekwambia! Nitamwuliza mwenyewe hapa hapa, uso kwa uso, chakula kikiwa mezani. Na umwambie nina maswali mengi, kwa hiyo aje na majibu mafupi.”